Mawe ya Gofu Ndani ya Nyumba ya Shamba

Maswali ya Wasomaji: Majengo ya Kale

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi nyumba za mawe zilizojengwa kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na barua zilizotufikia baada ya hapo zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Karibu zote zinazunguka jambo moja: mawe ya nyumba hizo yalitoka wapi, na sisi tuliozirithi tuna wajibu gani juu yake. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imekusanya pamoja mambo ambayo wengine wameyauliza kwa vipande.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Mkoa wa Kusini Pemba. Marehemu babu alituachia shamba la mikarafuu pamoja na nyumba ya mawe yenye baraza mbele na sakafu ya kuanikia karafuu ubavuni. Mvua za masika zimeangusha lipu ya ukuta wa nyuma, na hapo tukaona mawe ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Mengi ni mawe ya kawaida yasiyo na umbo, lakini kati yake yamo meupe yaliyochongwa, na moja lina mifuo kama ya ukingo wa mlango, nalo limelazwa ubavu. Ami yangu anasema wazee walikuwa wakieleza kuwa mawe hayo yaliletwa kutoka kwenye gofu la Wareno. Maalim, tutajuaje kama ni kweli, na tuyafanye nini kabla ya kupiga lipu mpya? — Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Kwa maelezo yako, maneno ya wazee yana uzito mkubwa katika sehemu moja na yanahitaji kuchunguzwa katika nyingine. Kwamba mawe hayo yalitoka kwenye jengo jingine, hilo lina dalili zote za ukweli. Kwamba jengo hilo lilikuwa la Wareno, hilo nisingelikubali kabla ya kupata ushahidi wa ziada.

Tuanze na jiwe lenyewe. Kuta za kale za visiwa vyetu zina aina mbili za mawe, na mwashi mzoefu huzitenganisha kwa kupitisha kidole tu. Aina ya kwanza ni jiwe la mwamba linalochimbwa nchi kavu, yaani matumbawe ya zama za mbali sana yaliyogeuka kuwa mwamba. Jiwe hilo ni gumu, lina matundu makubwa yasiyolingana, mara nyingi lina makombe yaliyoganda ndani yake, na halikubali kuchongwa sura nzuri. Ndilo linalojaza kuta za Mji Mkongwe na za nyumba za mawe za mashambani. Aina ya pili ni tumbawe ambalo wataalamu huliita Porites, linalokatwa baharini likiwa bado bichi na laini, likachongwa upesi kwa tezo na patasi, kisha likakauka na kuwa gumu. Matundu yake ni madogo na yamepangana sawasawa, kana kwamba uso wote umedungwa kwa ncha ya sindano. Jiwe hili ndilo lililochaguliwa na waashi wa karne za nyuma kwa miimo ya milango, kwa vidaka vya ukutani na kwa mihrabu za misikiti.

Kufika zama za karafuu, desturi ya kuchonga mapambo katika tumbawe ilikuwa imefifia, na mahali pake yakashika mapambo yaliyofinyangwa kwa chokaa. Kwa hiyo tumbawe lililochongwa kwa ustadi, likikutwa limezamishwa ndani ya ukuta wa nyumba ya shamba, mahali ambapo hakuna jicho lingeliona, ni jiwe lililohamia hapo kutoka kwengine. Hakuna fundi anayetumia siku nzima kuchonga mifuo kwenye jiwe, kisha akalilaza ubavu na kulifunika kwa lipu. Aliyelilaza alilikuta limekwisha kuchongwa, na alichokitaka kwake ni pembe zake nne zilizonyooka, kwa kuwa jiwe lenye pembe hukaa vizuri kwenye kona na chini ya kichwa cha boriti.

Zipo dalili nyingine ambazo mnaweza kuzitafuta wenyewe kwa tochi, mkiimulika kwa ubavu ili vivuli vijitokeze. Tazameni kama upo uso wa jiwe unaoelekea ndani ya ukuta ambao bado umeshikilia lipu ya zamani, chini ya chokaa iliyotumika kuunganishia. Lipu haiwezi kupigwa kwenye uso ambao tayari umo ndani ya ukuta. Ikiwepo, jiwe hilo liliwahi kuwa uso wa ukuta mwengine. Katika nyumba moja ya shamba niliwahi kuona kipande cha mwimo kimewekwa chini ya boriti, alama za tezo zikienda mshazari, zote kwa upande mmoja kama alivyozivuta fundi wake, na katika kona ya mfuo ilikuwa imebaki niru nyeupe, laini, nyembamba, isiyofanana hata kidogo na lipu nene ya kijivujivu iliyotumika kwengine kote katika nyumba ile. Tazameni pia chokaa yenyewe. Chokaa ya zamani aghalabu huwa na chembe za makaa yaliyotoka kwenye tanuri, na mkiona chokaa ya rangi mbili, moja imegandamana na jiwe na nyingine imeizunguka, basi mnazo kazi za mafundi wa vizazi viwili mbele yenu.

Swali ambalo hukuliuliza, lakini ni lazima lijibiwe, ni kwa nini mwenye shamba achukue mawe ya gofu badala ya kuchimba yake. Sababu ya kwanza ni ardhi. Sehemu kubwa ya Pemba inayostawisha mikarafuu ni vilima vyenye udongo mzito wenye kina, na mwamba wa matumbawe unapatikana zaidi kandokando ya pwani na upande wa mashariki. Aliyejenga kilimani alilazimika kuleta mawe kutoka mbali, na kila jiwe lilisafiri kichwani mwa mtu. Gofu lililokuwa karibu lilikuwa akiba ya mawe yaliyokwisha kuchimbwa, kukatwa na kukaushwa.

Sababu ya pili ni wakati. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu. Wenye mashamba wakapata fedha kwa haraka, na waliotaka nyumba ya mawe, badala ya nyumba ya udongo na fito waliyokuwa nayo watu wengi, walitaka ijengwe upesi. Na hapa yafaa kusemwa wazi kwamba vichwa vilivyobeba mawe hayo, katika miaka mingi ya ujenzi huo, vilikuwa vichwa vya watumwa, kwa kuwa utumwa haukuondolewa kisheria katika visiwa hivi mpaka mwaka 1897. Anayeuliza historia ya nyumba ya shamba asiulize jina la mwenye shamba peke yake. Masimulizi ya Pujini, ambako mabaki ya ngome ya Mkama Ndume yapo hadi leo, yanasema kuwa mtawala huyo aliwalazimisha watu wake kubeba mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Iwapo ilikuwa hivyo au sivyo, wasimulizi walijua vyema kwamba jiwe la ukutani lina mtu aliyeteseka kulifikisha hapo.

Sasa kuhusu Wareno. Ni desturi kubwa katika visiwa vyetu kwamba gofu lolote lisilojulikana mwenyewe hupewa Wareno, na desturi hiyo imetunyima mengi. Huko Unguja Kaskazini, magofu ya Fukuchani na Mvuleni yameitwa nyumba za Wareno kwa muda mrefu, ilhali wachunguzi wa mambo ya kale waliozipima kuta zake wanaona kuwa ni nyumba za karne ya 16 zilizojengwa kwa ufundi wa Waswahili. Kwenu Pemba, Ras Mkumbuu, Chwaka karibu na Tumbe, Mtambwe Mkuu na Pujini yenyewe ni sehemu zilizokuwa na watu na majengo kabla meli ya kwanza ya Kireno haijaonekana katika bahari hii. Mawe ya mifuo kama uliyoyaeleza yanafanana zaidi na kazi ya waashi wa miji hiyo. Kwa hiyo, kabla hamjawapa Wareno sifa ya jiwe lile, yafikirieni kwanza yale yaliyo karibu nanyi zaidi: kuna uwezekano mkubwa kwamba lilichongwa na Mpemba, kwa ajili ya nyumba au msikiti wa Wapemba.

Mfanye nini basi? Kwanza, msilichomoe jiwe hata moja. Jiwe lililomo ukutani linaeleza mambo mawili, lilikotoka na nyumba iliyolipokea, nalo likishatolewa na kuwekwa barazani kuwa pambo hueleza moja tu. Pigeni picha ya ukuta wote mkiwa mmesimama mbali, kisha picha ya kila jiwe lililochongwa likiwa na rula kando yake, na muandike kwenye daftari liko urefu gani kutoka chini na umbali gani kutoka kona. Andikeni pia maneno ya ami yako kama anavyoyasema, pamoja na jina la kiambo au la konde analolitaja, kwa sababu jina la mahali ndilo litakalomwezesha mtaalamu kwenda kutafuta gofu lenyewe. Kisha mwarifuni sheha, na mpeleke nakala kwa watu wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Wapo katika makumbusho yaliyomo ndani ya ngome ya Chake Chake.

Wapo watakaowashauri kuyaacha mawe hayo wazi ili wageni wayaone. Kwa ukuta wa ndani ningekubali. Kwa ukuta wa nyuma unaopigwa na masika, sikubali, kwa kuwa tumbawe lililochongwa hulika upesi likinyeshewa, na mifuo iliyodumu karne kadhaa chini ya lipu inaweza kupotea machoni mwa watoto wenu. Lifunikeni tena, kwa chokaa, na daftari lenu ndilo liwe dirisha la kuyaonea.

SWALI: Maalim, nyumba yetu ya shamba huku Bumbwini ilipigwa lipu ya saruji miaka ya karibuni, na fundi alituhakikishia kuwa itadumu kuliko chokaa. Sasa inabanduka kwa mapande makubwa, na ndani ya vyumba ukuta unatoa unga mweupe. Je, saruji ilikuwa mbovu? — Msomaji, Unguja

JIBU: Saruji yenyewe huenda ilikuwa nzuri kabisa, haikuwa mahali pake. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, na zamani uliyatoa polepole kupitia chokaa. Saruji huyazuia. Maji yakikosa njia ya nje hutafuta njia ya ndani, yakiwa yamebeba chumvi, na chumvi hiyo ndiyo unga mweupe mnaouona. Inapokauka nyuma ya lipu huvimba na kuisukuma, ndiyo maana inabanduka kwa mapande yaliyo mazima. Hatari iliyo kubwa zaidi hamjaiona bado: vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani hukaa katika unyevu huo na kuoza, na boriti ya mkandaa iliyooza kichwa hushuka bila ya kutoa onyo la kutosha. Dungeni vichwa hivyo kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, tegemezeni dari kwa nguzo kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Saruji itolewe kwa mkono, kwa nyundo ndogo na patasi, na mahali iliposhika sana isilazimishwe, kwa sababu itatoka na uso wa jiwe. Hapa ndipo nyumba yenye mawe ya gofu inapohitaji uangalifu wa ziada: mkikuta jiwe laini lililochongwa, acheni kazi pale na mfanye kama nilivyomweleza msomaji wa Pemba. Baada ya hapo ukuta uachwe upumue kwa miezi kadhaa.

Chokaa iwe ya kuzimwa kwa maji na kuachwa ikae ndani ya shimo au pipa, ikifunikwa na maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Wazee wetu waliipata kwa kupanga magogo kwa mviringo, mawe juu yake, na kuchoma mpaka mawe yakageuka kuwa meupe na mepesi. Siku hizi yanayochomwa yawe ni mawe ya nchi kavu, kwa kuwa matumbawe hai ya baharini ni makaazi ya samaki na ni ngao ya ufukwe. Kipimo kinachofaa kwa lipu ya kawaida ni fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga. Mchanga wa pwani usitumike, kwani mtakuwa mnarudisha chumvi ileile mliyoikimbia. Lipu ipigwe kwa matabaka, kila moja lisizidi unene wa sentimita moja au zaidi yake kidogo, na lililotangulia likauke kiasi kabla ya linalofuata. Isiachwe juani. Tundikeni magunia mabichi mbele ya ukuta kwa siku za mwanzo, na kazi yote mwianze wakati wa kipupwe, mvua kubwa zikiwa zimekwisha na jua halijawa kali.

Kukawia kwa chokaa kunawachosha mafundi wa leo, ambao hulipwa kwa kazi inayomalizika wiki hiyohiyo. Nawaelewa. Lakini mwenye nyumba ndiye anayebaki nayo, na ni haki yake kumtafuta fundi anayeijua chokaa. Wapo, hasa miongoni mwa waliofanya kazi za ukarabati Mji Mkongwe.

SWALI: Binti yangu anasoma kaskazini mwa Uingereza. Aliniletea picha za nyumba za wakulima ambazo alielezwa kuwa zimejengwa kwa mawe yaliyotolewa kwenye ukuta wa Warumi. Nilistaajabu kwamba nao walifanya hivyo, tena wanalieleza bila ya haya. Je, historia yao na yetu katika jambo hili zinalingana? — Bi mmoja wa Mjini, Unguja

JIBU: Zinalingana katika chanzo, Bibi yangu, na zinatofautiana katika kile kilichofuata. Ukuta alioutembelea binti yako ulianza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya mfalme wa Kirumi Hadrian, na ulikata kisiwa kile kutoka pwani hadi pwani kwa urefu wa kilomita 117 hivi. Utawala wa Kirumi ulipoondoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 5, ukuta ukabaki bila ya mwenyewe. Waliokuwa jirani nao walikuwa wakulima na wafugaji, na mawe yale yalikuwa yamekatwa sawasawa kwa kiasi ambacho mtu mmoja huweza kuyanyanyua. Yakaingia katika makanisa, katika ngome za masharifu wao, katika mazizi, na katika nyumba za shamba. Kwenye kambi ya Kirumi ya Housesteads, nyumba ya wakulima ilijengwa imeegemea lango la kusini la kambi yenyewe. Baadaye, mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba za watawa kati ya mwaka 1536 na 1540, mawe ya majengo hayo nayo yakatawanyika vivyo hivyo mashambani.

Kwetu mfano ulio dhahiri kuliko yote si nyumba ya shamba, ni Ngome Kongwe, ambayo wewe bila shaka hupita mbele yake. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno, na sehemu za kanisa hilo bado zinaonekana katika ukuta mmoja wa ndani. Na si kila aliyetumia mawe ya zamani alifanya hivyo kwa kukosa mengine. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi yanayotaja mwaka 500 Hijria, ambao ni sawa na 1107 Miladia, ingawa sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ilijengwa upya katika karne ya 18. Waliojenga upya wangeweza kuutupa mchongo wa kale. Waliuhifadhi mahali pake penye heshima, ukielekea kibla, na ni kwa sababu yao tunayajua maandishi hayo.

Tofauti, basi, iko katika kuandika. Katika karne ya 19 mwanasheria mmoja wa huko, John Clayton, alianza kununua mashamba yaliyopitiwa na ukuta ule, moja baada ya jingine, ili wakulima wasiendelee kuubomoa kwa ajili ya mawe. Kila jiwe lenye maandishi lililokutwa katika zizi au nyumba ya mkulima liliorodheshwa: lilikutwa wapi, kwa nani, limeandikwa nini. Mwaka 1987 ukuta ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi Mji Mkongwe wetu uliingizwa mwaka 2000, na tunayo mamlaka inayousimamia, lakini mipaka ya mamlaka hiyo haiendi mbali na mji wenyewe. Nyumba ya shamba iliyopo kilimani Pemba haimo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 mashamba makubwa yalichukuliwa na Serikali na ardhi ikagawiwa kwa ekari tatu tatu, na nyumba za humo zikapata hatima mbalimbali: nyingine ziligawanywa vyumba kwa familia kadhaa, nyingine zikafanywa ghala, nyingine zikabaki bila ya mtu wa kuziba paa likivuja. Jambo la kugawa ardhi kwa wasiokuwa nayo silipingi kamwe. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna aliyepita na daftari kuziandika nyumba hizo zilipokuwa bado zimesimama, na kila masika inayopita inapunguza idadi yake. Binti yako, akiwa huko, ajifunze namna orodha ile inavyotengenezwa. Ni elimu ambayo tunaihitaji hapa zaidi kuliko picha.

SWALI: Karibu na shamba letu kuna gofu lililoanguka, halina uzio wala kibao, na mawe yamelala chini. Nyumba yetu ya mawe imebomoka kona moja. Ikiwa babu zetu walichukua mawe hapo hapo na leo tunawasifu, kuna ubaya gani nami nikichukua machache kwa nyumba ileile? — Msomaji, Kaskazini Pemba

JIBU: Swali lako ni la haki, na halitoshi kujibiwa kwa kusema sheria inakataza, ingawa sheria za kuhifadhi mambo ya kale zipo na kukosekana kwa kibao hakuzifuti. Walichokichukua babu zetu kimekwisha kuchukuliwa. Kilichobaki ndicho kidogo kinachoweza kutueleza mji ule ulikuwa vipi. Jiwe lililolala chini ya ukuta ulioanguka halikulala ovyo. Mahali lilipoangukia panaeleza ukuta ulikuwa na kimo gani, mlango ulikuwa upande upi, na kama nyumba iliungua au ilichoka tu. Huko Pujini na Chwaka, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mengi kwa kusoma tabaka za udongo zilizoko chini na baina ya mawe kama hayo. Ukiyanyanyua na kuyapakia kwenye gari ya ng'ombe, hata yakikaa vizuri katika kona yako, habari hiyo imekwisha, na hakuna fundi wala msomi atakayeirudisha. Babu hakuwa na njia ya kujua hayo. Wewe sasa unayo.

Tena hujui gofu lile lilikuwa nini. Katika miji ya kale ya pwani, msikiti, makaburi na nyumba vilikaribiana sana, na baadhi ya makaburi, kama ya Ras Mkumbuu, yalijengewa nguzo ndefu ambazo zikianguka hazitofautiki kwa urahisi na kifusi cha nyumba. Sidhani kama kuna mmoja katika familia yako atakayelala vizuri akijua kona ya nyumba yake imejazwa kwa mawe ya kaburi.

Mawe unayoyahitaji huenda tayari unayo. Kona iliyobomoka ilianguka na mawe yake, nayo mara nyingi yamefukiwa na majani na udongo hatua chache tu kutoka ukutani. Yafukueni, myasafishe kwa brashi bila ya maji mengi, na muyarudishe. Tazameni pia jiko la uani au ukuta wa uzio uliokwisha kuanguka, maana nyumba za mashamba aghalabu zilikuwa na mabanda ya mawe ambayo hayatumiki tena. Yakipungua, nunua jiwe la kuchimbwa nchi kavu. Usikubali kona ijazwe kwa matofali ya saruji, kwani ni magumu kuliko ukuta unaoyazunguka, na ukuta utapasuka pembeni yake. Na ikiwa katika kufukua utakuta jiwe lenye kishimo cha mviringo kinachotosha bakuli au sahani ndogo, simamisha kazi upande huo. Vishimo vya namna hiyo hukutwa kwenye makaburi ya kale, ambako vyombo vya kaure viligandishwa kwa chokaa kuwa mapambo, na mtu wa makumbusho anapaswa kuliona jiwe hilo kabla halijageuzwa.